Uzuri wa Mkakasi: Gari la Kasi la Mtumba na Nyanda za Chepkoilel

Meli ya magari ikitia nanga Kilindini, sisi watu wa Mombasa huyaona magari yakishuka moja baada ya jingine, yamejaa vumbi la safari ya majuma mengi baharini, na hatuyafikirii tena mara yakishapita Mariakani. Twajua kuwa yanakwenda bara. Yanafikia wapi, na yanafanya kazi gani huko yalikofikia, hayo twaona si shughuli yetu. Leo lakini nawaomba wasomaji tuyafuate. Tuyafuate kwa safari ya kilomita 800 hivi mpaka Eldoret, mji ulioanza kwa kuitwa Sitini na Nne kwa nambari ya shamba, na ambao tarehe 15 Agosti 2024 ulipewa hadhi ya kuwa jiji. Kisha tutoke jijini kwa barabara iendayo Ziwa, na baada ya kilomita kama 9 tutakuwa tumefika Chepkoilel.

Kwa nini Chepkoilel? Kwa sababu wana wetu wako huko. Mahali hapo palianza mwaka 1946 kuwa chuo cha kufundishia wakulima wakubwa wa kizungu. Mwaka 1984 pakawa chuo cha walimu, mwaka 1990 pakachukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi pakaitwa Kampasi ya Chepkoilel, na mwezi Februari 2013 pakapata hati yake na jina la Chuo Kikuu cha Eldoret. Vijana kutoka kila pembe ya nchi, Pwani ikiwamo, husoma huko. Wengine humaliza wakapata kazi huko huko, na kijana akishapata kazi hupata na hamu. Hamu ya wengi wao ni gari la kasi.

Gari jipya la namna hiyo halinunuliki kwa mshahara wa kijana, basi hutafutwa la mtumba: Subaru WRX, Volkswagen Golf GTI, Toyota Mark X, au Forester yenye tabo. Wala hutawasikia wakiulizana kama ni sawa kununua au si sawa. Hilo limekwisha katika nyoyo zao. Wanaloulizana ni hili: ninunue lenye vitu gani, na nikishalinunua niliongeze nini?

Swali hilo si la kipuuzi kama wazee wengine wanavyolichukulia. Ni swali la fedha nyingi, na kama tutakavyoona mbele, ni swali la roho za watu. Tena lina jibu.

MKUKU KWANZA, RANGI BAADAYE

Mzee wa Lamu anapokwenda kununua jahazi lililotumika, haanzi kutazama rangi wala nakshi za tezi. Huinama akautazama mkuku. Huyagonga mataruma moja moja akasikiliza sauti ya mbao. Hutazama kalafati. Tanga bovu halimtishi, kwa kuwa tanga hushonwa jingine. Wala kamba hazimtishi. Lakini mkuku ukiwa umeoza, chombo hicho hata kikipakwa rangi ya dhahabu si chombo tena, ni kuni.

Gari nalo ni hivyo hivyo. Vitu vyote vya gari la kasi vyaweza kugawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vile ambavyo gari limezaliwa navyo kiwandani, na ambavyo huwezi kuviongeza baadaye ila kwa gharama inayokaribia kununua gari jingine. Hivi ni injini na tabo yake, aina ya giaboksi, kuendeshwa kwa magurudumu mawili au manne, mifuko ya hewa ya kumlinda abiria, na bodi iliyonyooka isiyopata kupindwa na ajali. Fungu la pili ni vile vinavyolika na kubadilishwa: tairi, breki, springi na shokabsoba, klachi, mkanda wa taimingi, mafuta na maji ya injini. Fungu la tatu ni vikorombwezo: rimu za kumeremeta, spoila, ekzosi ya kunguruma, taa za rangi, redio kubwa, vitambaa vya viti.

Kanuni ni fupi, kijana aishike. Fungu la kwanza lilipie unaponunua. Fungu la pili liwekee akiba kabla ya kununua. Fungu la tatu likija pamoja na gari lichukue kama zawadi, wala usiongeze hata shilingi moja juu ya bei kwa ajili yake.

Dalali yeye hukuuzia kinyume. Atakushika mkono akuzungushe kwenye rimu kwanza, kisha akuwashie injini usikie mlio, kisha akufungulie redio. Hafanyi hivyo kwa ubaya wa moyo; ndiyo biashara. Vikorombwezo ndivyo rahisi kuliko vyote kuviweka, na ndivyo vinavyoonekana kwanza. Wahenga walikwisha kutuambia kuwa uzuri wa mkakasi ni wa nje, ndani ni kipande cha mti.

Chukua mfano wa Subaru. Kuna WRX S4 na kuna WRX STI, na kwa mbali ndugu hawa wawili hufanana. STI ilitoka kiwandani na gia sita za mkono, difu ya katikati ambayo dereva aweza kuirekebisha, na breki kubwa za Brembo. S4 ilitoka na gia za otomatiki. Mwenye S4 akitaka kuigeuza kuwa STI kamili atafilisika. Lakini zile herufi tatu za rangi ya waridi zinazobandikwa nyuma na mbele huuzwa dukani, na yeyote aweza kuzibandika kwa dakika moja. Basi usisome herufi, soma bamba la gari. STI za miaka ya 2014 hadi 2019 namba yake ya fremu huanza na VAB, na S4 za wakati huo huanza na VAG. Herufi moja tu ya mwisho, lakini ndani yake mna tofauti ya laki nyingi za shilingi.

Hali ni hiyo kwa lile tundu lililoinuka juu ya boneti. Katika Impreza yenye tabo tundu hilo si pambo. Hupitisha upepo ukapoze kipoza-hewa kilichokaa juu ya injini. Wako watu waliolibandika juu ya boneti ya gari lisilo na tabo kabisa. Mnunuzi afungue boneti atazame chini ya tundu. Asipokiona kipoza-hewa, ajue kuwa ameonyeshwa mlango usio na nyumba.

HEWA YA JUU HAIFANANI NA YA LIKONI

Hapa ndipo Chepkoilel inapoingia katika hesabu, na ndipo kijana wa Pwani anapokosea akinunua kwa mazoea ya kwao. Nyanda za Uasin Gishu ziko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Kule kanieneo ya hewa imepungua kwa zaidi ya moja ya tano. Mwanadamu huhisi hivyo kifuani siku za mwanzo anapopanda ngazi. Injini nayo huhisi, maana injini huishi kwa hewa kama sisi.

Injini isiyo na tabo huvuta hewa kwa pumzi zake yenyewe, na hewa ikipungua nguvu hupungua nayo. Toyota 86 na ndugu yake Subaru BRZ zilipotoka mwaka 2012 zilikuwa na injini ya lita 2 yenye nguvu ya farasi 200, bila tabo. Gari hilo tamu likiwa Nyali, likipandishwa Chepkoilel laweza kupoteza kama moja ya tano ya nguvu zake. Farasi 40 hivi wamebaki njiani. Hakuna ekzosi wala kichujio cha hewa kitakachowarejesha farasi hao wote. Kijana atanunua kichujio cha bei ghali, kisha ekzosi, kisha plagi, na mwisho wake gari litapiga kelele zaidi na kwenda vile vile.

Injini yenye tabo hushindana na hali hiyo vizuri zaidi, kwa sababu tabo ni feni inayoishindilia hewa kwa nguvu ndani ya injini, na hewa ikiwa nyepesi feni huzunguka kwa kasi zaidi ili kufidia. Kwa hiyo anayeishi nyanda za juu na anataka gari la kasi kweli, tabo si anasa kwake. Iko katika fungu la kwanza. Achague gari lililozaliwa nayo.

Lakini neema hii ina gharama yake. Tabo ya Chepkoilel hufanya kazi kubwa kuliko tabo ya Likoni kwa mwendo ule ule, na hupata joto zaidi. Basi mnunuzi wa gari lililoishi bara aitazame tabo kwa jicho kali: moshi wa buluu ukitoka nyuma baada ya kukanyaga mafuta, mafuta ya injini yanaungua. Aulize mafuta ya injini yalibadilishwa lini na aone risiti. Na aogope sana gari ambalo mwenyewe wa kwanza aliongeza mgandamizo wa tabo kwa kubadili hesabu za kompyuta ya injini. Gari hilo limekwisha kukopa nguvu zake za kesho, na deni utalilipa wewe.

VOLVO YA WANA WA SINGH

Vijana wengi wa Kenya waliipenda Subaru kwa sababu ya mbio za Safari. Walimwona Patrick Njiru akiiendesha miaka ya 1990, na mwaka 1997 Colin McRae akashinda Safari kwa Impreza. Mapenzi hayo hayana ubaya. Ubaya ni kuyakumbuka mashujaa na kusahau walivyoyatengeneza magari yao.

Mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544. Gari lile halikuwa jipya. Lilikuwa mtumba, limekwisha kutumika mikononi mwa timu ya kiwanda kabla ya kuwafikia. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, naye alijua kipi cha kutazamwa na kipi cha kuachwa. Alikuja kushinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976, mara hizo kwa Mitsubishi Lancer. Lakini ushindi wake wa kwanza, ule uliomfanya ajulikane, ulitoka katika gari ambalo vijana wa leo wangelipita uwanjani bila kugeuka.

Yatazame pia magari ya Safari ya miaka ile ya 1990 katika picha. Yaliinuliwa juu. Mbele yalifungwa vyuma vya kuzuia wanyama, na pembeni bomba refu la kuvutia hewa ili injini isinywe maji mtoni. Hayo ndiyo marekebisho ya watu waliotaka kushinda katika ardhi yetu. Sasa mtazame kijana anayesema anawaiga: analishusha gari lake mpaka karatasi haipiti chini yake, kisha analipeleka Chepkoilel kwenye matuta ya barabarani, mashimo ya msimu wa mvua na njia za udongo za kuingilia mashambani. Mwezi wa kwanza bampa limepasuka. Mwezi wa pili sahani ya mafuta ya injini imegonga jiwe, mafuta yakamwagika asijue, na injini ikafa.

Rimu pana nazo zina hila yake. Rimu kubwa hutaka tairi lenye ubavu mwembamba, na ubavu ule mwembamba ndio mto unaokaa baina ya rimu na shimo. Barabara nzuri za mjini zaweza kulivumilia jambo hilo. Barabara ya mashamba ya mahindi wakati matrekta yamekwisha kuichimba haiwezi. Kwa mtu wa Chepkoilel, rimu ya kiasi iliyotoka kiwandani pamoja na gari ndiyo bora, hata ikiwa imechujuka rangi.

KUSIMAMA KWATANGULIA KWENDA

Tumefika katika neno lililo zito kuliko yote, na kwa ajili yake nimeona makala haya yastahili kuandikwa.

Barabara za Uasin Gishu na Elgeyo Marakwet ni uwanja wa mazoezi wa wanariadha wa dunia nzima. Alfajiri, ukungu haujaondoka, watu wanakimbia pembeni mwa lami makundi kwa makundi. Watoto wanakwenda shule kwa miguu. Bodaboda zinachepuka kutoka njia za mashamba. Katika barabara hizo ndimo gari la kasi litakamotembea, wala si katika uwanja wa mashindano.

Na ardhi ile imekwisha kuzika vijana. Mwezi Agosti 2018 Nicholas Bett, bingwa wa dunia wa mwaka 2015 wa mita 400 kuruka viunzi, alifariki katika ajali ya gari huko Nandi. Usiku wa tarehe 11 Februari 2024 Kelvin Kiptum, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya marathoni ya saa 2, sekunde 35 huko Chicago mwezi Oktoba 2023, alifariki barabarani pamoja na kocha wake Gervais Hakizimana, karibu na Kaptagat. Alikuwa na umri wa miaka 24. Hawa hatuwataji ili kuhukumu magari yao wala uendeshaji wao, Mungu awarehemu. Twawataja ili tukumbuke kuwa maili za barabara zile si mchezo, na kuwa waliofunzwa kuliko wote kumiliki miili yao barabara haikuwabagua.

Husemwa kuwa ajali haina kinga. Ni kweli ajali haina kinga, lakini breki mbovu ina kinga, na tairi bovu lina kinga, nayo ni fedha iliyowekwa mahali pake. Shilingi ya kwanza ya kuongeza kitu katika gari la kasi iende kwenye tairi. Ya pili iende kwenye breki: sahani zake, vitambaa vyake, na mafuta yake ambayo wengi husahau kuwa yanazeeka na kuingia maji. Ya tatu iende kwenye shokabsoba. Baada ya hapo kama fedha imebaki, tuzungumze habari ya ekzosi.

Tairi lina siri ambayo kila mnunuzi aijue. Ubavuni mwake mna namba nne ndani ya duara refu. Ukiona 2319, maana yake lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Tairi laweza kuwa na meno yote, leusi la kung'aa, na huku limezeeka likawa gumu kama ukuni. Wauzaji hulipaka dawa ya kung'arisha. Dawa haibadilishi namba.

Na yako marekebisho ambayo kijana ayakatae hata akipewa bure. Magari ya Japani yametiwa kikomo cha mwendo wa kilomita 180 kwa saa. Wako mafundi wanaolipwa kukiondoa. Sheria ya Kenya hairuhusu gari dogo kupita kilomita 110 kwa saa popote pale, na ndani ya miji ni 50. Sasa mtu anayelipa fedha ili aweze kupita 180 ananunua nini hasa? Ekzosi za kulipuka kama bunduki nazo ni vivyo hivyo. Nchi ina kanuni za kelele tangu mwaka 2009, na hata kanuni zisingekuwapo, jirani aliye na mgonjwa ndani yupo.

MKONO WA MWENYEWE WA KWANZA

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza. Jambo hili lina maana kubwa kwa wapenzi wa Subaru. Injini ya EJ20, iliyoanza kuundwa mwaka 1989 na ambayo ndiyo moyo wa STI za Japani, ilifikia mwisho wake mwaka 2019. Kwa hiyo mlango wa kuziingiza kutoka Japani unafungwa mwaka hata mwaka, na anayeitaka STI ya namna ile atazidi kuitafuta miongoni mwa zile zilizokwisha kuingia nchini. Maana yake ni kwamba hatanunua gari la Mjapani mmoja aliyelitunza. Atanunua gari lililokwisha kupita mikono miwili au mitatu ya vijana kama yeye, kila mmoja ameongeza chake na kuondoa cha kiwanda.

Hapo mnunuzi aulize maswali matatu. La kwanza: vitu vya asili viko wapi? Mwenye gari mwangalifu akibadili springi au ekzosi huziweka za kiwanda stoo, na humpa mnunuzi. Gari lenye marekebisho na vitu vyake vya asili lina thamani kuliko lenye marekebisho peke yake. La pili: nani aliyeyafanya, na risiti zi wapi? Kazi isiyo na risiti ihesabu kuwa haikufanywa; hasa mkanda wa taimingi wa injini ile ya EJ20, ambao hubadilishwa yapata kila kilomita 100,000, na ukikatika huvunja injini. La tatu: namba ya injini iliyo ndani ya gari ndiyo iliyo katika hati ya umiliki, ile iitwayo logibuku? Injini ikibadilishwa bila kuandikishwa, mnunuzi atakuwa amenunua kesi.

Kwa gari linaloingia moja kwa moja kutoka Japani, iombe karatasi ya mnada. Karatasi hiyo huonyesha daraja la gari, masafa lililokwenda, na kila mkwaruzo. Daraja la R huambia kuwa gari liliwahi kupata ajali na kutengenezwa. Muuzaji akisema karatasi imepotea, nawe sema fedha imepotea. Ajue pia mnunuzi kuwa ushuru hupimwa kwa bei ya gari la daraja hilo lilipokuwa jipya, kisha hupunguzwa kwa umri. Kwa hiyo kila daraja la juu la kiwandani hulipiwa mara mbili, bei na ushuru. Breki za Brembo zastahili kulipiwa hivyo. Viti vya ngozi kwa mtu anayeshinda shambani pengine havistahili.

Na redio asiilipie chochote. Redio za Japani zilitengenezwa kwa masafa ya kwao, yanayoanza 76 na kuishia 90 au 95, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Ramani yake huzungumza Kijapani. Lile pambo analolisifu dalali kuliko yote, litakapofika Chepkoilel litakuwa bubu mpaka litiwe kifaa cha kubadili masafa.

HIARI NI NENO LA SOKONI

Neno hiari twalitumia kila siku kwa maana ya kupenda mwenyewe. Waliosoma fikihi chuoni wanalijua kuwa limetoka sokoni. Khiyari ni haki ya mnunuzi na muuzaji kuuthibitisha mkataba au kuuvunja. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na watu wa mwambao, iko khiyari ya majlisi, maadamu wawili hao hawajaachana pale walipopatania. Iko khiyari ya sharti, ambayo kwayo mnunuzi huweza kushurutiza muda usiozidi siku 3 wa kujifikiri. Na iko khiyari ya aibu: kitu kikionekana kina ila ya zamani iliyofichika, mnunuzi ana haki ya kukirejesha, maadamu hakuchelewa baada ya kuijua. Muuzaji naye yampasa kuieleza ila aijuayo kabla ya kuulizwa.

Sheria ya serikali ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, nayo ina ulinzi wake, lakini humlinda zaidi anayenunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa hizo kuliko anayenunua kwa mtu binafsi. Tena husema kuwa mnunuzi aliyelikagua gari hana madai juu ya ila ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo usikague kwa macho ya mapenzi. Nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Liendeshe gari likiwa limelala baridi usiku kucha, maana injini iliyotiwa joto kabla hujafika huficha mengi. Na andikianeni: siku ngapi za kulijaribu, na likionekana na ila itakuwaje. Muuzaji mkweli hatakasirika. Anayekasirika amekwisha kukujibu.

Wengi huvaa jina la hiari kumbe wameshurutishwa. Kijana anayekuja na fedha yake yote mkononi, ameahidi rafiki zake kuwa jioni atarudi na gari, huyo hana khiyari tena. Dalali humwona kutoka mbali.

HESABU YA SHILINGI KUMI

Basi hesabu yangu kwa kijana wa Chepkoilel ni hii. Ukiwa na shilingi 10, nunua gari la shilingi 7. Shilingi 2 zibakize kwa tairi, breki, mafuta, mkanda na bima, tena katika bima yataje marekebisho yote yaliyomo, kwani bima isiyoambiwa ukweli hukataa kulipa siku unayoihitaji. Shilingi 1 iweke benki mwaka mzima bila kuigusa. Ukiona kuwa shilingi 7 hazilipati gari lenye tabo, magurudumu manne na bodi iliyonyooka, usishuke kununua bovu lenye jina kubwa. Nunua zima lenye jina dogo, ungoje.

Mwaka mmoja wa kuliendesha gari kama lilivyo utakufundisha linataka nini kuliko mafundi kumi. Barabara ya Ziwa itakuonyesha kama shokabsoba zinatosha. Baridi ya Julai itakuonyesha hali ya injini. Na mwanariadha atakayevuka mbele yako alfajiri moja, kwenye ukungu, atakuonyesha kama fedha yako uliiweka kwenye breki au kwenye rimu.